Mtungaji Mwanamke Muasi na Macho ya Msomaji Wake

Swali la fasihi si swali la pembeni katika kazi ya itikadi. Katika jamii yenye matabaka kila utungo una upande wake, na kila msomaji naye ana upande wake, hata kama mwenyewe hajitambui. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: mwanamke anapotunga utungo wa kuasi, msomaji aliyelelewa katika fikra za kimwinyi humhukumu mtungaji kabla ya kuusikiliza utungo. Kosa hilo halikuzikwa pamoja na mamwinyi. Sisi makada tunalo pia.

Kwanza tumtazame kwa ufupi mwanamke ambaye hakuitwa muasi. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Kwa miaka mingi utendi huo umesomeshwa kama kanuni ya utiifu wa mke, na mtungaji akaheshimiwa kwa sababu hiyo. Wako wahakiki wanaosikia kejeli ndani yake. Ubishi huo siumalizi hapa. Ninachotaka kionekane ni kwamba heshima aliyopewa ilitokana na yale ambayo msomaji alitaka kuyasikia.

Je, anatendewaje yule asemaye yasiyotakiwa?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, wakati utumwa bado ni halali; sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1897. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza kuviuza, na mwaka 1911 akahamia mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliifanya iseme Kiswahili, lugha ya wachukuzi na wapishi, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri zilizosikika pwani nzima.

Wenye makuu wa mjini walimjibu kwa wimbo wa kumkejeli. Walitaja nini? Walitaja kwamba alikuja mjini na kaniki. Ndugu msomaji, itazame silaha hiyo. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa na wavuja jasho. Kumtajia kaniki kulikuwa sawa na kumwambia arudi alikotoka. Hoja za nyimbo zake hawakuzigusa. Naye alijibu, kwa wimbo vilevile, kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili.

Wako pia wanaouliza kwa hila kama nyimbo zote alizitunga yeye. Jibu ni kwamba yeye na wenzake wa kikundi walikutana nyumbani kwake, wakazungumza habari za mji, wakatunga pamoja. Sioni aibu yoyote katika utungaji wa ushirika. Na mbona swali hili haliulizwi juu ya waimbaji wanaume?

Tuchukue wimbo wa Kijiti, ambao Bi Kidude aliendelea kuuimba hadi uzeeni. Unasimulia tukio la kweli la wakati wa ukoloni. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mjamzito, alibakwa na kuuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara. Wanawake waliotoa ushahidi ndio walioangukiwa na adhabu, kwa hoja kwamba wao ndio walionunua pombe. Hapa mtungaji haombolezi tu. Analitaja jina la muuaji hadharani, na anaishitaki mahakama ya mkoloni mbele ya wananchi, katika mji ambao wanawake hao hawakuwa na mahali pengine pa kukata rufaa.

Nimeufundisha wimbo huu mara kadhaa. Katika semina moja swali la kwanza kutoka kwa wanasemina lilikuwa: huyo Siti alikuwa na mume? La pili: yule marehemu alifuata nini kwenye ngoma usiku? Nilisubiri aulizwe Kijiti alikuwa nani, au hakimu alitumia sheria ya nani. Hakuna aliyeuliza. Wanasemina wale, wengi wao vijana wenye nia njema, walikuwa wamekaa kwenye kiti cha hakimu yuleyule bila kujua.

Liko kosa jingine, nalo ni gumu zaidi kuliona kwa sababu limevaa sifa. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, ukachapishwa mwaka 1958. Mwaka 1988 wanahabari wanawake wa Tanzania waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Hayo ni haki yake. Lakini mtungaji muasi akishafariki, tena dhidi ya mkoloni aliyekwisha ondoka, kumsifu hakutugharimu chochote.

Katika tawi moja nililowahi kulitembelea katibu alihutubia vizuri sana juu ya Siti na ukombozi wa mwanamke. Kesho yake akina mama walitumbuiza mkutano kwa wimbo wao wenyewe wa beti nne. Ubeti wa tatu ulitaja mizani ya ghala la ushirika, kwamba korosho zao hupungua njiani kati ya kichwa na mizani. Katibu alisimama, akaagiza ngoma inyamaze. Alitaka aambiwe nani katunga. Mmoja alipojitokeza, mjane, pakasikika minong'ono juu ya mwenendo wake.

Jioni ile niliwapa wanafunzi niliofuatana nao kazi ya kuandika: waende kwa yule mama, wamsikilize na kuziandika beti zote nne kama alivyozitunga, kisha waende ghalani na jiwe la kilo tano.