Krema ya Barafu kwenye Arusi: Baridi Haiui Mikrobe



Kila mwaka, masomo yakifungwa mwezi wa saba, Jumamosi zetu za Butembo na Beni zinajaa arusi. Honi zinalia barabarani, wamama wa kwaya wamevaa kitambaa kimoja, na jamaa ya bibi arusi hawalali kwa sababu ya kupika. Zamani watoto walitosheka na ugali, nyama na sombe. Siku hizi wanauliza kwanza: "Krema iko?"

Hatuandiki karatasi hii kwa kukataza krema. Bwana Yesu alikwenda arusini Kana, na alipenda wageni wafurahi. Tunaandika kwa sababu kila vakansi tunapokea watoto wanaohara baada ya karamu, na wengi wangeweza kubaki wazima.

JUMAMOSI FURAHA, JUMATATU MACHOZI

Jumatatu moja asubuhi walifika watoto wanne wa jamaa moja. Wote walikuwa wanahara, wanatapika, wana homa. Jumamosi walikuwa kwenye arusi ya shangazi yao. Aliye mdogo alikuwa na miezi kumi. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo lake, ukiivuta, ilirudi polepole sana. Tulimtia serumu, na kwa neema ya Mungu akapona.

Lakini pale nje wakubwa walikuwa wameanza kugombana. Upande wa bwana arusi walisema, "Tumetiliwa sumu." Upande wa bibi arusi walilia kwa haya.

Mama mkubwa wa watoto ndiye aliyetengeneza krema. Alituambia: "Mama muganga, krema yangu ilikuwa safi. Ililala ndani ya frigo, ikawa ngumu kama jiwe. Mikrobe ingekaa wapi?" Tukamuuliza alitia nini. Akajibu: maziwa, sukari, na mayai 30 aliyopiga mabichi. Na kurant? Ilikatika usiku, ikarudi asubuhi.

Hapo tukaelewa. Hakuna mtu aliyetia sumu. Mikrobe ya mayai mabichi iliingia, ikapata joto usiku, ikazaana. Tuliwaeleza wazee wa pande zote mbili, na walipeana mikono mbele yetu. Je, kama hawangeeleweshwa? Jamaa mbili zingebaki maadui kwa sababu ya bakuli moja ya krema.

BARIDI INALAZA, HAIUI

Wamama wengi wanafikiri sawa na huyu mama. Mikrobe inakufa kwa moto, basi wanafikiri inakufa kwa baridi pia. Sivyo. Moto unaua. Baridi inalaza tu. Mikrobe iliyo ndani ya barafu iko kama mbegu ya mahindi juu ya dari: haioti, lakini haijafa. Ukiitia kwenye udongo wenye maji, inaota.

Krema ikiyeyuka, mikrobe inaamka. Ndani ya maziwa na sukari, kwenye joto, inaweza kujigawa mara mbili kila dakika 20. Hesabu nasi: mikrobe moja, baada ya saa moja, imekuwa 8. Baada ya masaa mawili, 64. Baada ya masaa matatu, 512. Baada ya masaa manne, 4,096. Ukiirudisha kwenye frigo, haitapungua sana. Zile 4,096 zitalala tu, zikingoja kinywa cha mtoto wako.

MILANGO MITANO YA MIKROBE

Mlango wa 1: Maziwa. Maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa yanaweza kuleta kifua kikuu, homa ya brusela na kuhara.

Mlango wa 2: Mayai mabichi. Mikrobe iitwayo salmonela inakaa juu ya ganda, na mara nyingine ndani ya yai lenyewe. Mwaka 1994 huko Marekani magari yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi yalibeba baadaye maziwa ya kutengenezea krema. Waganga walikadiria kwamba watu 224,000 waliugua. Kama viwanda vikubwa vinaweza kukosea hivi, na sisi tuangalie sufuria zetu.

Mlango wa 3: Maji. Barafu ni maji. Kama maji ya mto au ya kisima hayafai kunywewa, barafu yake pia haifai. Mikrobe ya kolera na ya tifoidi inaweza kubaki hai ndani ya barafu.

Mlango wa 4: Mikono. Mama mwenye kidonda au jipu kwenye kidole asitengeneze krema. Usaha unaacha mikrobe ambayo inatoa sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiki hata ukichemsha tena. Mtu anayeila anaanza kutapika baada ya masaa machache, wakati mwingine karamu haijaisha.

Mlango wa 5: Frigo yenyewe. Wengi hatuna frigo nyumbani, tunaomba nafasi kwa muuzaji. Lakini ndani mna samaki na kuku wa barafu. Kurant ikikatika, maji ya samaki yanatiririka juu ya krema. Basi omba frigo isiyowekwa nyama. Ikikosekana, weka krema juu, samaki chini, na chombo kifunikwe vizuri.

MPISHI AMBAYE HAKUWA MGONJWA

Labda utasema: "Mimi niko muzima, mikono yangu haiwezi kuleta ugonjwa." Sikiliza habari hii ya kweli.

Mwaka 1906, katika mji wa Oyster Bay karibu na New York, watu 6 kati ya 11 wa nyumba moja walishikwa na tifoidi. Mpishi wao, Mary Mallon, hakuwa na homa wala maumivu. Lakini mtafiti aliyeitwa George Soper aligundua kwamba karibu kila nyumba alimopika tifoidi ilifuata. Alijiuliza: mbona moto wa jikoni hauui mikrobe hiyo? Jibu lilikuwa krema. Mary alikuwa akitengeneza krema ya barafu yenye vipande vya matunda mabichi, ambayo haipiti motoni. Mikrobe ilitoka chooni, ikapita kwenye mikono yake, ikaingia ndani ya krema.

Mwaka 1910 aliachiliwa kwa ahadi ya kutopika tena. Hakuishika. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya uzazi, na hapo watu 25 waliugua, 2 wakafa. Hatumcheki. Yeye mwenyewe hakusikia ugonjwa wowote mwilini mwake, ndiyo maana hakuamini. Na wewe, huwezi kujua kwa kujitazama. Kwa hiyo kila mpishi anawe kwa sabuni akitoka choo, na akiisha kubadilisha mtoto.

Sisi wa Beni na Butembo tunajua kunawa. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, ndoo ya maji ilisimama kwenye kila mlango. Tulipoteza zaidi ya watu 2,200. Ebola iliisha, na ndoo nyingi zikarudishwa ndani. Mama, irudishe ndoo nje siku ya arusi. Hata Kana palikuwa na mitungi sita ya mawe kwa ajili ya kunawa.

NAMNA YA KUPIKA KREMA SALAMA

Krema hii haina mayai, na yote inapita motoni.

Tafuta: maziwa lita 1 (au maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji safi), sukari kikombe kimoja kidogo, maizena vijiko viwili vikubwa, chumvi kidogo sana.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha sufuria, mwiko na vikombe, uvimwagie maji ya moto.
2. Koroga maizena na maziwa baridi kidogo mpaka mabonge yaishe.
3. Weka maziwa yanayobaki na sukari juu ya makala. Yakichemka, mimina maizena huku ukikoroga. Acha ichemke dakika 3 nzima.
4. Funika. Weka sufuria ndani ya beseni ya maji baridi, ubadilishe maji mara kwa mara, ipoe upesi. Usiiache mezani hata asubuhi.
5. Ikipoa tu, itie ndani ya vyombo vidogo vyenye kifuniko, uweke kwenye frigo ya kugandisha. Vyombo vidogo vinaganda haraka kuliko sufuria kubwa.

Ukitaka ladha ya marakuja au nanasi, osha tunda kabla ya kulikata, ulichemshe na sukari, ndipo ulichanganye. Kama mtu analazimisha mayai, yapigwe na kupikwa ndani ya maziwa ya moto mpaka yawe mazito na kushika mwiko. Asiyatie mabichi kamwe.

Wengine hawana frigo, wananunua barafu na kuivunja, wanaichanganya na chumvi nyingi kuzunguka chombo cha krema. Njia hii ni nzuri, kwa sababu chumvi inaifanya barafu iwe baridi zaidi. Lakini barafu hiyo isiguse krema, wala isitiwe ndani ya vikombe vya wageni.

SIKU YA ARUSI YENYEWE

Toa krema mwishoni, watu wakiwa wamekaa tayari. Usiitoe wakati hotuba za wazee zinaanza, maana wewe unajua hotuba zetu! Toa chombo kimoja, kikiisha, toa kingine.

Kila kikombe kiwe na kijiko chake. Mtu mmoja tu agawe, mwenye mikono iliyooshwa, na asishike franga. Anayepokea franga awe mwingine.

Krema iliyoyeyuka na kukaa nje masaa mawili, itupe. Beni kuna joto kuliko Butembo, hapo usingoje hata saa moja. Usiirudishe kwenye frigo, na usiigawe kwa majirani kesho yake. Najua inauma kumwaga maziwa na sukari uliyonunua kwa shida. Lakini pima mwenyewe: bei ya bakuli moja, na bei ya siku tatu hospitali.

Kama kurant ilikatika usiku, fungua asubuhi utazame. Krema ikiwa ingali ngumu, ni sawa. Ikiwa imekuwa uji, imekwisha. Usidanganywe nayo ikiganda tena. Njia moja ya kujua ni hii: gandisha maji ndani ya kikombe, weka franga moja ya chuma juu ya barafu, uache kikombe ndani ya frigo. Ukikuta franga imezama chini, ujue barafu iliyeyuka usiku.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hapewi krema hata kidogo, hapewi hata maji. Chakula chake ni maziwa ya mama. Na mama mwenye mimba asile krema ya maziwa au mayai yasiyopikwa, kwani mikrobe nyingine inaweza kumfikia mtoto tumboni.

MTOTO AKIANZA KUHARA

Usingoje. Fanya hivi:

• Endelea kumnyonyesha, tena zaidi ya kila siku. Mkubwa mpe uji na chakula.
• Mpe SRO, pakiti moja ndani ya lita 1 ya maji safi. Kila akihara, mtoto chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa anywe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole kwa kijiko.
• Hakuna SRO? Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo kilichosawazishwa. Chumvi isizidi.
• Omba zinki kwenye kituo cha afya. Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge (miligramu 10) kila siku. Kutoka miezi 6 ni kidonge kimoja (miligramu 20). Ampe siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mlete mbio, usiku au mchana, ukiona damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto amelegea au hataki kunyonya, anatapika kila kitu, au anahara maji mengi kama maji ya mchele. Na homa inayopanda siku kwa siku, wiki moja hadi tatu baada ya karamu, inaweza kuwa tifoidi. Utueleze kwamba alikuwa kwenye arusi, na alikula nini. Hatutakukaripia.

KUMBUKA, MAMA

Moto unaua, baridi inalaza.
Barafu ni maji: yawe safi kwanza.
Krema iliyoyeyuka hairudi kwenye frigo.
Ndoo na sabuni zisimame mlangoni.

Yule mama mkubwa bado anatengeneza krema. Jamaa ya bwana arusi ndio waliomwita kwenye arusi yao iliyofuata. Safari hii alipika maizena, akavunja marakuja, akaweka ndoo mlangoni, na yeye mwenyewe akasimama hapo na sabuni mkononi. Jumatatu hakuna mtoto wa jamaa ile aliyefika kwetu.

Mungu abariki nyumba yako na arusi za watoto wako.