Trekta Dogo kwa Shamba la Eka Chache

Akiba ya miaka mingi yaweza kupotea siku moja, ikiwa mtu hutazama rangi ya mashine kabla ya kutazama udongo wake.

Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila za magurudumu mawili zilienea vijijini. Katika majaruba ya mpunga zilifaa sana. Katika udongo mgumu uliokauka zilirukaruka tu, na mwenye kuzishika alichoka kuliko mwenye jembe. Sababu ni uzito: mashine nyepesi haishiki ardhi, ijapokuwa injini yake ni njema.

Basi mwenye eka tano za nchi kavu na atafute trekta la magurudumu manne, lenye nguvu za farasi 20 hadi 30, ambalo magurudumu yote huvuta. Lakini eka tano peke yake hazilipi deni lake. Sharti awalimie na majirani kwa ujira. Tena aulize vipuri viko wapi, maana trekta lililolala wakati wa mvua za kwanza ni hasara tupu. Na penye mteremko, asikubali lisilo na fremu ya chuma nyuma ya kiti, pamoja na mkanda: hupinduka upesi, likamlalia dereva.