Sakafu Nafuu Yenye Kuiongezea Nyumba Thamani: Mfano wa Tarbaj

Utangulizi

Neno sakafu lina historia ya kuvutia. Katika Kiarabu, lilikotoka, saqf ni paa. Katika Kiswahili likashuka chini ya miguu. Mabadiliko hayo hayamshangazi anayezijua nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Tabaka la chokaa na kokoto lililotandazwa juu ya boriti lilikuwa paa kwa aliye chini na sakafu kwa aliye juu. Lilipigiliwa kwa vipande vya mti huku wapigaji wakiimba, hadi likashikamana. Hivyo, hata kabla ya saruji kuenea, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba sakafu hudumu kwa kupigiliwa wala si kwa kupambwa. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo mbali na pwani, katika mji mdogo wa Tarbaj, kaskazini mwa mji wa Wajir, kwenye barabara iendayo Elwak na Mandera.

Nyumba inayohama na nyumba iliyotulia

Nyumba ya jadi ya mfugaji wa Kisomali huundwa kwa fito zilizopindwa na mikeka, kisha hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia wakati wa kuhama. Sakafu yake ni ardhi yenyewe iliyotandikwa mikeka na ngozi. Kwa nyumba ya namna hiyo, hakuna sakafu inayofaa zaidi. Ardhi hupumzika watu wanapohama.

Tatizo huanza nyumba inapotulia. Familia iliyopoteza mifugo katika ukame, kama ule wa 2020 hadi 2023, ikahamia mjini, hukaa miaka mingi juu ya ardhi ile ile. Vumbi huongezeka, mchwa huingia, na mvua kubwa kama zile za mwisho wa 2023 hugeuza chumba kuwa tope. Ikumbukwe pia kwamba Wajir ilikumbwa na mlipuko wa kalazaa mwaka 2000 na 2001. Usubi waenezao maradhi hayo hujificha katika vichuguu vya mchwa na nyufa za udongo. Sakafu ngumu haiwezi kuwa kinga kamili, lakini hupunguza nyufa ndani ya nyumba.

Uteuzi wa sakafu

Mwenye nyumba wa Tarbaj ana njia nne za kawaida. Ya kwanza ni udongo ulioshindiliwa. Hauna gharama kubwa, lakini huhitaji kukarabatiwa mara kwa mara. Udongo huu unaweza kuboreshwa: nchini Rwanda, tangu 2014, shirika la EarthEnable limekuwa likitengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ambayo hukauka yakawa tabaka gumu linaloweza kupigwa deki.

Ya pili ni zulia la plastiki. Hupendeza siku ya kwanza, lakini likitandikwa juu ya udongo mtupu huficha unyevu na mchwa, na mchanga ulio chini yake hulitoboa. Ya tatu ni saruji iliyopigwa niru. Ikichanganywa na rangi nyekundu ya unga, niru hiyo huwa pambo lisilobanduka kama rangi ya kupaka. Ya nne ni vigae. Husafishika vizuri, lakini husafirishwa kutoka mbali, huteleza vikiwa na mchanga, na bado huhitaji saruji chini yake. Kwa hiyo, anayeanza na saruji hajajifungia mlango wa vigae, ilhali anayetamani vigae hawezi kuikwepa saruji.

Gharama iliyojificha

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye zege la unene wa sentimita 10, kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, huhitaji takriban mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Kwa chumba cha kulala kisichobeba uzito mkubwa, unene wa sentimita 7.5 na uwiano wa 1:3:6 hupunguza hesabu hiyo hadi takriban mifuko 4, bila kuhesabu niru. Hata hivyo, akiba hiyo ni halali pale tu ambapo udongo laini umeondolewa, mawe yakapangwa na kushindiliwa, na karatasi ya nailoni ikatandazwa kuzuia unyevu. Sakafu inapaswa pia kuinuka juu ya ardhi ya nje. Fundi anayeruka hatua hizi huuza nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gharama nyingine ni maji. Zege halikauki tu kama nguo. Hukomaa kwa kuhifadhi maji, na hupaswa kuwekwa katika hali ya unyevu kwa muda wa siku 7 hivi. Katika jua la Tarbaj, zege lililoachwa wazi hupasuka mapema. Kwa sababu hiyo, kazi hufaa kufanywa baada ya mvua, malambo yakiwa na maji. Zege limwagwe jioni, kisha lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Kumwaga zege wakati wa kiangazi ni kuinyang'anya mifugo maji.

Thamani ni nini?

Mjini Nairobi, thamani ya nyumba hupimwa kwa bei ya kuuzia. Katika Wajir, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii, kipimo hicho hakitoshi. Ni kweli kwamba mwalimu au muuguzi anayetafuta chumba cha kupanga hutazama sakafu kwanza. Lakini thamani kubwa zaidi ni ya wakaao humo. Nchini Meksiko, mpango wa kuweka saruji katika nyumba za maskini ulianza jimboni Coahuila mwaka 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilipungua miongoni mwa watoto, na mama zao wakaridhika zaidi na maisha.

Hitimisho

Katika nyumba ya Tarbaj, sakafu ndiyo kiti, meza, kitanda na mahali pa kuswalia. Mtoto hutambaa hapo na mgeni hukaribishwa hapo. Mwenye fedha kidogo, basi, na azitumie kwanza chini, katika mawe, kushindilia na maji. Mkeka utatandikwa juu yake hata hivyo.