Parokia na Mitaro ya Maji: Jinsi Walatino wa San Antonio Walivyojifunza Kushiriki Maamuzi ya Jiji Lao

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba kushiriki katika maisha ya jamii ni wajibu unaotokana na hadhi ya binadamu (taz. na. 1913–1915). Tunayasoma maneno haya darasani, tunayahubiri mimbarani, kisha tunabaki na swali: mwamini wa kawaida, mwenye kazi yake na familia yake, anashirikije? Na paroko wake amsaidieje bila kugeuka mwanasiasa? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kutazama yaliyotokea katika parokia za Walatino wa jiji la San Antonio, jimbo la Texas, nchini Marekani.

Walatino ni watu wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini. Katika San Antonio wengi wao wana asili ya Meksiko, na si wote ni wahamiaji: zipo familia zilizoishi pale tangu Texas ilipokuwa sehemu ya Meksiko. Wengi wao ni Wakatoliki. Katika miaka ya 1970 walikuwa takriban nusu ya wakazi wa jiji, lakini katika baraza la jiji sauti yao ilikuwa ndogo mno.

Maji yasiyokuwa na njia

Upande wa magharibi wa jiji, ambako familia nyingi maskini za Walatino ziliishi, hupitiwa na vijito kama Alazán na Apache. Mvua kubwa ikinyesha, vijito hivyo hufurika. Mwezi Septemba 1921 mafuriko yaliua watu wapatao 50 au zaidi, wengi wao wakiwa wakazi wa upande huo. Baada ya msiba ule jiji lilijenga bwawa kubwa la Olmos. Bwawa hilo liliikinga vizuri sehemu ya katikati yenye maduka na ofisi. Vijito vya magharibi viliachwa karibu kama vilivyokuwa.

Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 50 watu waliendelea kuishi na maji. Barabara nyingi hazikuwa na lami wala mitaro. Mvua ikinyesha, watoto walikwenda shule wakikanyaga tope, na nyumba za bondeni ziliingiwa na maji. Wengi walidhani ndiyo hali ya mahali pale, jambo la kumwachia Mungu na mawingu yake.

Kanisa halikukaa kimya wakati huo wote. Miaka ya 1930, Padre Carmelo Tranchese, Mjesuiti wa Parokia ya Mama Yetu wa Guadalupe, aliwalisha wenye njaa na kupigania nyumba bora hadi serikali ikajenga nyumba za umma za Alazán-Apache. Alifanya kazi kubwa. Hata hivyo, ilimtegemea sana yeye binafsi, na swali la nani anaamua fedha za jiji ziende wapi lilibaki palepale.

Kuanza kwa kusikiliza

Mwaka 1973 Ernesto Cortés, mzaliwa wa San Antonio, alirudi nyumbani baada ya kupata mafunzo Chicago katika taasisi ya Industrial Areas Foundation, iliyoanzishwa na Saul Alinsky mwaka 1940 kwa ajili ya kuwafunza watu kujiunga na kutetea maslahi ya mitaa yao. Cortés hakuitisha mkutano wa hadhara. Alikwenda kwa maparoko, akawauliza ni nani hasa wanaoaminiwa na watu katika parokia zao. Majina aliyopewa hayakuwa ya wanasiasa wala wasemaji hodari. Yalikuwa ya akina mama wa vyama vya kitume, wazazi wa kamati za shule, na watu wanaosimamia sherehe ya parokia ya kila mwaka, wanaojua kupika kwa ajili ya watu elfu moja na kurudisha hesabu kamili ya fedha.

Hao ndio waliotembelewa, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Ikafuata mikutano midogo sebuleni, ambayo msomaji wa kwetu ataielewa upesi akikumbuka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Katika mikutano hiyo waamini hawakuambiwa wafanye nini. Waliulizwa: ni jambo gani linaisumbua familia yako? Wengi walitarajiwa kutaja ubaguzi au siasa za kitaifa. Wao wakataja mitaro.

Kutokana na mazungumzo hayo, mwaka 1974 parokia ziliunda umoja ulioitwa Communities Organized for Public Service, kwa kifupi COPS, yaani jumuiya zilizojipanga kwa ajili ya huduma za umma. Wanachama wake walikuwa parokia, si mtu mmoja mmoja, na kila parokia ilitoa mchango wake. Rais wa kwanza, Andrés Sarabia, alikuwa mlei, mfanyakazi wa kiraia katika kambi ya jeshi la anga. Waliomfuata katika uongozi wengi walikuwa wanawake. Askofu Mkuu Francis Furey aliuunga mkono umoja huo, na vivyo hivyo Askofu Patricio Flores, mtoto wa wafanyakazi wa mashambani, ambaye mwaka 1970 alikuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Meksiko kuwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka 1979 akawa Askofu Mkuu wa San Antonio.

Mpango uliolala kabatini

Wahenga husema kuuliza si ujinga. Kazi ya kwanza ya viongozi wapya ilikuwa kuuliza na kusoma: kumbukumbu za jiji, bajeti na mipango ya ujenzi. Humo wakakuta jambo la kushangaza. Baadhi ya mitaro waliyoihitaji ilikuwa imekwisha kupangwa na jiji tangu mwaka 1945. Mpango ulikuwepo kwa karibu miaka 30, ila haukutekelezwa.

Mwezi Agosti 1974, baada ya mvua kubwa kuleta tena mafuriko, mamia ya waamini walijaza ukumbi wa baraza la jiji. Waliwaeleza madiwani hali ya nyumba zao, kisha wakauliza kuhusu mpango ule. Meya alionekana kutoufahamu. Alipomgeukia mkurugenzi wa jiji, akathibitishiwa kwamba ni kweli. Meya akaagiza itafutwe njia ya kupata fedha. Mwezi Novemba mwaka huohuo wapiga kura waliidhinisha jiji likope, kwa kuuza hati fungani, takriban dola milioni 46 za kujenga mitaro. Waamini walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza majirani wakapige kura.

Tutafakari kidogo hapa. Kwa nusu karne wengi walikuwa wameyaona mafuriko kama jambo la mvua. Ile kumbukumbu ya mwaka 1945 ilionyesha kwamba kulikuwa pia na uamuzi wa watu: fedha ziende huku, kule kusubiri. Sala na misaada kwa waliofurikiwa ni lazima, lakini uamuzi wa watu hubadilishwa na watu walioketi mahali unapofanyika.

Mabishano ya njia

Si kila kitu kilikwenda kwa upole. Mapema mwaka 1975, ili kuwafanya wafanyabiashara wakubwa wakubali kuzungumza nao kuhusu bajeti ya jiji, wanachama waliingia kwa wingi katika duka moja kubwa wakajaribisha nguo siku nzima bila kununua. Wengine walipanga foleni katika benki wakibadilisha noti kwa sarafu ndogondogo, kisha sarafu kwa noti. Hakuna sheria iliyovunjwa na hakuna aliyeumizwa, lakini shughuli zilikwama.

Watu wema walitofautiana juu ya mbinu hizo, na wanafunzi wa teolojia ya maadili wanaweza kuzijadili hata leo. Je, karani wa dukani alikuwa na kosa gani? Kwa upande mwingine, mwenye mali anayekataa hata kukutana na maskini asikilizishwe kwa njia ipi? Katika miaka iliyofuata umoja huo ulitegemea zaidi mazungumzo, kwa sababu sasa milango ilifunguliwa ulipobisha hodi.

Kura, bajeti na kazi

Hadi wakati ule madiwani wote walichaguliwa na jiji zima, hivyo mtaa maskini uliweza kukosa diwani kabisa. Januari 1977 wapiga kura walibadilisha katiba ya jiji: madiwani kumi wachaguliwe kila mmoja na kata yake, na meya achaguliwe na wote. COPS ilikuwa miongoni mwa waliolitetea badiliko hilo. Uchaguzi wa Aprili ulileta baraza ambalo, kati ya wajumbe 11, watano walikuwa na asili ya Meksiko na mmoja alikuwa Mmarekani Mweusi.

Parokia hazikumfanyia kampeni mgombea yeyote. Sheria ya Marekani iliyakataza makanisa kufanya hivyo, na busara ya kichungaji vilevile. Walichofanya ni kuwaalika wagombea wote kwenye mkutano mkubwa, kuwasomea mahitaji waliyoyakubaliana, na kumwuliza kila mmoja: utaliunga mkono hili, ndiyo au hapana? Majibu yaliandikwa. Baada ya uchaguzi, waliochaguliwa waliitwa tena kueleza walichotekeleza.

Vilevile, tangu sheria ya mwaka 1974, serikali kuu huyapa majiji ruzuku ya kuendeleza mitaa maskini, kwa sharti kwamba wananchi wasikilizwe. Kila parokia iliorodhesha barabara, bustani na mitaro inayohitajiwa. Kwa kuwa fedha hazikutosha yote, parokia zilikaa pamoja na kupatana: mwaka huu tuanze na kwenu, sisi tungoje mwakani. Kungoja kwa ajili ya jirani si jambo dogo kwa mtu ambaye nyumba yake nayo inaingia maji.

Mwaka 1990 kiwanda kikubwa cha nguo kilipofungwa na watu zaidi ya 1,000 kupoteza ajira, umoja huo, pamoja na ndugu yake Metro Alliance, ulianzisha mradi wa mafunzo ya kazi uitwao Project QUEST, ambao bado unaendelea. Utafiti uliowafuatilia washiriki kwa miaka kadhaa ulionyesha kwamba mapato yao yalipanda.

Tusitie chumvi. Magharibi ya San Antonio bado ina umaskini mwingi, na mtaro hauondoi kila tatizo. Lakini barabara, mitaro, nyumba na maktaba zilizojengwa zipo, na wapo watu waliojifunza kusoma bajeti ya jiji lao.

Nafasi ya padre

Waandaaji wa COPS wana kanuni wanayoiita ya chuma: usimfanyie mtu jambo ambalo anaweza kulifanya mwenyewe. Mwanafunzi wa mafundisho jamii ya Kanisa ataitambua mara moja kanuni ya auni, aliyoifafanua Papa Pius XI mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno. Kwa padre ni kanuni ngumu, kwa sababu watu humkimbilia yeye, naye hupenda kusaidia. Maparoko wa San Antonio walifungua kumbi zao, walitoa majina, walihudhuria vikao na kuwaunganisha watu na Neno la Mungu. Mbele ya baraza la jiji waliachia kipaza sauti. Waliosema ni waamini wenyewe.

Maswali ya kutafakari

1. Katika parokia unayoifahamu, ni nani wanaoaminiwa na watu ingawa hawana cheo? Umewahi kuwauliza kinachosumbua familia zao?
2. Ni tatizo gani la mtaa wenu ambalo mmezoea kuliita la asili, kumbe huenda ni uamuzi wa mtu?
3. Ukiwa padre au kiongozi wa walei, ni kazi gani unaifanya leo ambayo wengine wangeweza kuifanya ukiwaachia?