Umeme Kwanza, Linux Baadaye

Wapenzi wa elektroniki wa Dar es Salaam wana sababu ya kuionea wivu baridi ya Mbeya. Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye bodi inayolingana na kadi ya benki, hujipunguza kasi yenyewe joto la prosesa likikaribia nyuzi 80. Dar itadai feni. Iyunga ya Mbeya mwezi wa Juni, au Gangilonga pale Iringa, kipande cha aluminiamu juu ya prosesa kinatosha. Kasoro ni kwamba Nyanda za Juu Kusini zina radi pia, na umeme wa kuja na kuondoka.

Anayeanza hudhani kazi kubwa ni kuweka mfumo endeshi wa Linux. Siyo. Ni kuflashi tu, kazi ambayo mafundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya, wanaifanya kutwa nzima. Unapakua Raspberry Pi OS, ambayo ni Debian iliyorekebishwa, unaiandika kwenye kadi ya memori, unachomeka, inawaka. Mwenye bando hupakua mara moja, wenzake wakanakili kwa flashi. Leseni inaruhusu, kwa hiyo hakuna wa kumkwepa.

Shida huanzia kwenye chaja. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya mtaani inaweza kuwa imeandikwa namba hizohizo, lakini waya wake mwembamba ukala volti njiani. Zikishuka chini ya 4.63, alama ya radi inatokea kwenye kona ya skrini na bodi inaanza kusuasua. Ongeza skrini ya kugusa inayonyonya umeme uleule, mambo yanazidi kuwa mabaya. Hapo wengi huilaumu Linux, wakafuta kadi na kuanza upya, na tatizo likabaki palepale. Amri ya kuwaokoa ni vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme uko sawa. Ikijibu 0x50000, ujue tangu bodi iwashwe umeme ulishapungua na kasi ikabanwa. Mimi ningeibandika ukutani.

Skrini yenyewe ina fumbo lake. Ni vifaa viwili vilivyobanwa pamoja, kioo kinachoonyesha na utando unaohisi kidole, na Linux inavitambua kila kimoja kivyake. Ukigeuza picha bila kugeuza mguso, unagusa kushoto, kishale kinarukia kulia. Skrini rasmi ya inchi 7 iliyotoka 2015, yenye pikseli 800 kwa 480 na uwezo wa kuhisi vidole 10, haina usumbufu mwingi. Zile za bei nafuu za inchi 3.5 zinazopachikwa juu ya pini hutaka kubonyezwa kwa ukucha, tena baada ya kusawazishwa. Na video za YouTube zinapoteza watu hapa. Toleo la Raspberry Pi OS liitwalo Bookworm, la Oktoba 2023, liliiweka Wayland mahali pa X11, yaani mfumo unaochora picha kwenye skrini, kwenye Pi 4 na Pi 5, na faili la mipangilio, config.txt, likahamia /boot/firmware. Maelekezo ya 2018 utayafuata neno kwa neno na usifike.

Kwamba maelekezo ya kwingine hayatoshi, Iringa ilishaliona mapema, kabla hata Pi ya kwanza haijauzwa Februari 2012. Mwaka 2007, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Wafini, Matti Tedre akiwa mmoja wao. Hoja yao ilikuwa kwamba mtaala usibebwe mzimamzima kutoka Ulaya, bali uanzie kwenye mazingira ya mwanafunzi. Kwa maoni yangu, somo la kwanza la mazingira hayo ni umeme. Kule Karatu, shirika la Powering Potential la Mmarekani Janice Lathen lilipeleka shuleni kompyuta za Pi zinazotumia jua, pamoja na RACHEL, maktaba isiyohitaji intaneti. Bodi inayokula wati chache ndiyo iliyoiwezesha hesabu ya paneli na betri.

Bila jua, jiandae kwa umeme kukatika ghafla. Kadi ikikutwa inaandikwa, mfumo unaweza kuharibika. Ndani ya raspi-config kuna chaguo la overlay: kadi inasomwa tu, na kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM, kikipotea umeme ukienda. Basi vipimo vya maana, tuseme joto la ghala la viazi vya mbegu kule Uyole, viandikwe kwenye flashi ya pembeni.

Bado kuna saa. Bodi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani, na overlay ikiwa imewashwa bila intaneti, kila umeme unaporudi tarehe inarudi ileile ya zamani. Vipimo vya wiki nzima vinaweza kusomeka kama vya siku moja. Dawa ni moduli ya saa ya DS3231, yenye waya nne na betri ya kidonge. Ifungwe kabla ya kipimo cha kwanza, maana tarehe ikishaandikwa vibaya hakuna amri ya kuirekebisha.