Nepal: Wimbo unachezeka, mama analia!

Mpenzi msomaji, kama hujafika Nepal, kaa ukijua jambo moja: huko wimbo hukupokea kabla ya mwenyeji wako. Ukikatiza mitaa ya Thamel, pale wanapojazana wageni mjini Kathmandu, kuna wimbo utausikia mpaka uuote usingizini. Unaitwa "Resham Firiri". Muuza makoti anauimba, muuza vinanda vya nyuzi anaupiga, na mbeba mizigo ya wapanda milima anauanzisha jioni akishautua mzigo wake.

Resham ni hariri, na firiri ni ule mpepeo wa kitu chepesi kinachochezewa na upepo. Ndani yake kuna bunduki, kuna paa, na kuna mwindaji ambaye akili yake haiko kwa paa hata kidogo, iko kwenye mapenzi! Ulitoka vinywani mwa wanakijiji wa pande za Pokhara, mwimbaji Buddhi Pariyar akaudaka, ukapitia Radio Nepal, ukawa wa nchi nzima. Kiitikio chake hata mtoto mdogo anakishika mara moja.

Watalii wengi wanaishia hapo. Wanakariri kiitikio, wanapiga picha, wanarudi kwao wakitamba kwamba muziki wa Nepal wanaujua. Bwana wee! Hiyo ni sawa na Mzungu aliyeimbiwa "Jambo Bwana" hotelini Mombasa, akadhani kaumaliza muziki wote wa Afrika Mashariki.

Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Na nilivyozidi kuzunguka na kusikiliza, niliacha kuuliza wimbo huu unachezwaje. Nikawa nauliza swali moja tu: humu ndani nani kaondoka? Maana nyimbo nyingi za Nepal, ukizifunua, utakuta kuna mtu kafunga mzigo.

WAPIGA ZEZE WA BATULECHAUR

Tuanze na sarangi. Ni kama zeze letu: kinachongwa kwenye gogo moja la mti, sehemu ya chini inawambwa ngozi, nyuzi ni nne na kinapigwa kwa uta. Sauti yake inakwaruza kidogo, kama mtu anayezuia kilio.

Wenyewe wanaitwa Gandharba, au Gaine kwa jina la zamani. Kazi yao ilikuwa kutembea kijiji hadi kijiji wakiimba habari: vita, mapenzi, mafuriko, nani kafa, nani kashinda. Kabla Radio Nepal haijaanza kurusha matangazo mwaka 1951, wao ndo walikuwa redio yenyewe. Malipo yao yalikuwa mchele au sarafu chache, basi.

Lakini kuna jambo linalouma. Watu hao hao waliobeba kumbukumbu za nchi waliwekwa chini kabisa katika matabaka, kundi la "wasioguswa". Vivyo hivyo kwa Damai, wanaopiga panche baja, yaani zumari, matoazi, ngoma na baragumu za harusini. Harusi bila wao ina mkosi, lakini wakishamaliza kupiga, ndani hawakaribishwi. Wanabaki uani. Sheria ya mwaka 1963 iliacha kuutambua ubaguzi huo, na ya mwaka 2011 ikaufanya kosa la jinai. Hata hivyo, ukikaa na wapiga sarangi ukanywa nao chai, watakwambia sheria inabadilika haraka kuliko mioyo.

Karibu na Pokhara kuna kijiji kinaitwa Batulechaur. Huko ndiko alikotoka Jhalak Man Gandharba (1935-2003), aliyeichukua sauti ya wapiga sarangi kutoka njiani na kuiingiza studio za Radio Nepal. Wimbo uliompa jina unamhusu askari anayekufa mbali na nyumbani. Anawaagiza wenzake namna ya kujibu mama yake atakapouliza mwanangu yuko wapi, na namna ya kumjibu mkewe. Nilitafsiriwa mara moja tu. Sikuhitaji mara ya pili.

Askari huyo ni nani? Ni Gurkha. Waingereza walianza kuwaandikisha vijana wa milima ya Nepal mwaka 1815, na mpaka leo wanawaandikisha. Wanepali wanamwita kijana wa namna hiyo lahure, jina lililotokana na mji wa Lahore, ambako wengine walikwenda kuingia jeshini zamani hizo. Na usidhani habari hizi ziko mbali nasi. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga kupigana na Wajerumani, ndani ya vikosi vya Kashmir Rifles walikuwemo Wagurkha. Yaani huenda kuna mama kule milimani aliyeuliza mwanangu yuko wapi, na jibu likawa: Tanga.

KUJIBIZANA MPAKA KUCHE

Haya, tufute machozi kidogo. Twende kwenye dohori, kitu bomba kuliko vyote!

Dohori ni kujibizana. Upande huu wavulana, upande ule wasichana, katikati ngoma ya madal inayopigwa pande zote mbili. Mvulana anatupa beti, msichana anairudisha ikiwa na pilipili. Maneno yanatungwa papo hapo, na vina lazima vikubali. Ukikosa jibu, umeumbuka mbele ya kadamnasi. Kwa Wagurung na wenzao wa milimani vijana walikuwa wanakutana usiku na kuimba hivyo mpaka kuche. Na zamani mashindano mengine hayakuwa ya mchezo: msichana akishindwa, aliyemshinda aliweza kudai kumwoa! Sasa hapo ndo ujue kwa nini wasichana wa kule walinoa ndimi zao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 dohori iliteremka mjini. Ikaanzishwa migahawa iitwayo dohori sanjh, unakula huku waimbaji wamevaa mavazi ya kijijini wanajibizana jukwaani. Mteja ukijiona una maneno, unaruhusiwa kuchombeza. Vita ya Wamaoisti, iliyoanza 1996 na kumalizika 2006, iliwakimbiza watu wengi vijijini, na mjini walitafuta mahali penye harufu ya kwao.

Niliingia kwenye mmoja wa migahawa hiyo. Mezani kwangu palikuwa na kina kaka waliokuwa wakicheka mpaka wanagonga meza. Halafu dada wa jukwaani akatupa beti moja, meza ikanyamaza. Nikamuuliza jirani yangu, kulikoni? Akaniambia, "Kamuuliza mwenzake: umeniacha na mashamba, unarudi lini?" Swali lile lile tena! Dada mwenyewe katoka kijijini kutafuta riziki, na mjini wapo wanaomwita mhuni kwa sababu tu anaimba usiku. We acha tu.

MIPASHO YA TEEJ

Wapenzi wa mipasho, hii ni yenu. Kuna sikukuu ya Wahindu inaitwa Teej, huangukia Agosti au Septemba. Wanawake wanavaa sari nyekundu, wanafunga kula, wanawaombea waume maisha marefu. Kumbe siku hiyo hiyo wana ruhusa ya kuimba yaliyo moyoni! Mume mlevi anaimbwa, mama mkwe mkali anaimbwa, baba aliyemwoza binti mapema naye anaimbwa. Wanacheza wakizunguka, wanatabasamu, na wanachoma. Ukimwona mwanamume kasimama pembeni anajifanya anatazama simu, ujue ujumbe umefika.

MZIGO WA DOHA

Sasa sikiliza hii. Kutoka Kathmandu kwenda Pokhara ni kama kilomita 200, barabara inaambaa na mto Trishuli, kona juu ya kona. Dereva wa basi letu aliweka nyimbo za dohori safari nzima. Pembeni yangu alikaa kijana mmoja. Alipojua natoka Afrika Mashariki alinigeukia akasema, "Mambo vipi, dai?" Dai ni kaka mkubwa. Nikabaki mdomo wazi!

Kumbe alikuwa Doha miaka mitano kwenye ujenzi, chumba kimoja na Wakenya. Wao wakamfundisha "mambo" na "pole pole", yeye akawafundisha "Resham Firiri". Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga akanieleza kuwa usiku, baada ya joto la mchana, kila mtu alikuwa anaweka nyimbo za kwao kwenye simu, na hakuna aliyemcheka mwenzake akilia.

Nepal ya leo inaishi kwa vijana kama huyo. Fedha wanazotuma kutoka Qatar, Saudia, Malaysia na kwingineko ni kama robo ya pato la taifa. Wengi walijenga viwanja vya Kombe la Dunia la mwaka 2022. Wengine wanarudi ndani ya majeneza kupitia uwanja wa ndege wa Tribhuvan. Lahure wa leo habebi bunduki, anabeba zege. Mama yake anauliza swali lile lile.

Ndiyo maana wimbo "Saili" wa Hemant Rana ulizizima nchi nzima. Mume anayekwenda ughaibuni anamtuliza mkewe: tuvumilie sasa, raha tutakula tukishavuka miaka 40. Yule jirani yangu aliuimba wote, neno kwa neno, akitazama dirishani.

UKIFIKA HUKO

Msikilize Narayan Gopal (1939-1990), anayeitwa mfalme wa sauti. Ni wa huzuni za taratibu, zinazofaa mvua na chai ya maziwa. Ukipenda magitaa, tafuta Nepathya. Kiongozi wao, Amrit Gurung, hutembea vijijini kwa miguu kutafuta nyimbo za kale, na wakati wa vita kundi lake lilizunguka nchi likipiga maonyesho ya amani.

Ukikutana na mpiga sarangi njiani, usimpige picha ukapita. Kaa, mwite dai ukiona kakuzidi umri, muulize wimbo unamhusu nani, na umlipe kama fundi, si kama ombaomba. Waliomwacha uani zama zote wanatosha.

Na wewe mshikaji unayesoma hapa huku dili la Uarabuni linakuwasha mfukoni, sikukatazi, riziki hutafutwa. Ila kabla hujapanda ndege mwimbie mama wimbo wako ungali hapa, na umwachie namba ya simu inayopatikana.

Alamsiki!