Sarafu Zilizokosewa Chapa

Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu, alitujia chuoni na senti moja ya Marekani imefungwa pembeni mwa kitambaa. Ilikuwa na rangi ya shaba, imeandikwa mwaka 1943. Mchuuzi mmoja wa mjini alikuwa amemwachia aitazame, naye alitaka mbuzi wawili wa maziwa kwa senti hiyo, akisema kwamba ilikosewa kiwandani na kwamba huko ng'ambo ni mali ya kumtajirisha mtu. Mzee akatuuliza, "Mwalimu, yawezekanaje kosa likawa mali?"

Swali lake lilikuwa jema. Sarafu hupigwa hivi: visahani vya madini visivyo na maandishi huwekwa kimoja kimoja kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na mtambo huigandamiza mihuri hiyo kwa nguvu nyingi hata picha na maneno yakatokea pande zote mbili. Muhuri ukiwa na ila, kila sarafu itokayo chini yake huwa na ila ile ile.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1955 katika kiwanda cha Philadelphia, Marekani. Muhuri mmoja wa senti, ulipokuwa ukitengenezwa, ulitiwa chapa mara mbili kama ilivyokuwa desturi, lakini mara ya pili ulikuwa umegeuka kidogo. Basi tarakimu za mwaka na maneno yakatokea mawili mawili, hata mtu huyaona bila ya kioo cha kukuzia. Wakaguzi walipotambua, senti nyingi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha changanyika na lundo la senti nzima. Wakuu wakaona si kazi ya maana kuyeyusha lundo zima kwa ajili ya hizo, na zipatazo 24,000 zikatoka. Nyingine zilionekana katika pakiti za sigara, maana mashine za kuuzia zilipokea senti 25, na sigara zilikuwa za senti 23, hivyo chenji ilitiwa ndani ya karatasi ya pakiti. Leo senti moja kati ya hizo, ikiwa ya hali njema, huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Lakini tusidhani kwamba kosa likiwa kubwa bei nayo huwa kubwa. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili picha za sarafu zake, na mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja wa peni 20 kwenda upande wenye kichwa cha Malkia. Kiwandani wakaukutanisha muhuri mpya na ule wa zamani, ikatoka sarafu isiyo na mwaka wowote! Hilo ni kosa kubwa kuliko la Philadelphia. Hata hivyo zilikisiwa kuwa kati ya 50,000 na 200,000, na bei yake ni makumi ya pauni tu. Mkusanyaji hununua uchache, na kosa humwonyesha tu uchache ulipo. Na kosa lenyewe sharti liwe limetoka kiwandani. Sarafu iliyopondwa kwa nyundo barabarani imeharibika tu.

Turudi kwa mzee wetu. Wakati wa vita, mwaka 1943, Marekani ilihitaji shaba kwa silaha, kwa hiyo senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilisalia mitamboni, vikapigwa chapa pamoja na vingine. Mwaka 2010 mojawapo, iliyopigwa Denver, iliuzwa kwa dola 1,700,000. Mchuuzi basi hakuitunga habari yenyewe.

Mwanawe alitaka kuisugua senti kwa majivu na ndimu ipate kung'aa, tukamzuia upesi, kwa kuwa wakusanyaji huikataa sarafu iliyosuguliwa hata kama ni ya kweli. Tukaleta sumaku ya darasani. Shaba haivutwi na sumaku, bali chuma huvutwa. Tulipoisogeza, senti iliruka ikanata: ilikuwa senti ya kawaida ya chuma, iliyopakwa shaba na mtu. Mzee akaicheka, akaifunga tena katika kitambaa, akaenda kumrudishia mwenyewe.